Umeuza pikipiki, kadi bado ina jina lako? Namna ya kuuza, kununua na kuhamisha umiliki

Tulipofanya kipindi kuhusu bodaboda, simu kutoka Ikuti zilikuwa nyingi kuliko muda tuliokuwa nao. Wengi waliuliza jambo lile lile kwa maneno tofauti: nimenunua pikipiki kwa mtu, kadi ina jina lake, nifanye nini? Au: niliuza pikipiki mwaka juzi, leo napigiwa simu kuhusu faini, inanihusu nini? Tuliahidi kuandika majibu ili mtu ayasome kwa nafasi yake na kuyatunza kwenye simu. Ndiyo haya.

Tuanze na simu ya mzee mmoja wa huko Ikuti, mkulima wa chai na ndizi. Aliuza pikipiki yake kwa kijana aliyetoka upande wa Kyela. Walielewana bei, wakahesabiana fedha mezani, wakaandikiana kwenye karatasi ya daftari mbele ya jirani, na kijana akaondoka na pikipiki pamoja na kadi. Miezi minane baadaye mzee akaitwa kituo cha polisi. Pikipiki yenye namba ile ilikuwa imemgonga mtoto, na dereva amekimbia. Jina kwenye kadi lilikuwa la mzee. Karatasi ya daftari hakujua alikoiweka, na simu ya mnunuzi haikupatikana tena.

"Wanangu," alituuliza, "mimi pikipiki niliuza. Sasa niliuza nini?"

Swali la mzee lina jibu, na jibu lenyewe ndilo msingi wa makala hii: biashara ya chombo cha moto haimaliziki siku fedha zinapohesabiwa. Inamalizika siku jina linapobadilika kwenye kadi.

Tutazungumza zaidi kuhusu pikipiki kwa sababu ndiyo inayobeba ndizi, maziwa, wagonjwa na wanafunzi wetu. Lakini utaratibu wa gari na bajaji unafanana. Tofauti utaiona kwenye namba: gari la mtu binafsi huanza na T, pikipiki na bajaji huanza na MC.

Jina kwenye kadi lina uzito gani?

Usajili wa vyombo vya moto Tanzania Bara unafanywa na Mamlaka ya Mapato Tanzania, TRA. Kadi unayopewa ndiyo kumbukumbu ya nani anamiliki chombo kipi. Sheria inayohusu kodi ya usajili na uhamishaji wa magari, Sura ya 124, inamchukulia mtu ambaye chombo kimesajiliwa kwa jina lake kuwa ndiye mmiliki, mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Maneno hayo ya mwisho ni muhimu. Maana yake ni kwamba mzee wa Ikuti hajanyimwa haki ya kujieleza. Anaweza kuthibitisha kwamba aliuza. Lakini kazi ya kuthibitisha imeangukia kwake, na anaifanya akiwa anaitwa kituoni, wakati shamba linamsubiri.

Kwa mnunuzi nako kuna hatari yake. Ukiwa na pikipiki ambayo kadi yake ina jina la mtu mwingine, ikiibiwa utapata tabu kuonyesha kuwa ni yako. Ukitaka kuiweka dhamana ya mkopo, hutakubaliwa kirahisi. Ukitaka kuiuza, mnunuzi makini atakuuliza aliyeandikwa humu yuko wapi. Na huyo aliyeandikwa akifariki, ndugu zake wanaweza kuihesabu kuwa mali ya marehemu.

Mnunuzi: kagua kabla hujatoa fedha

Usinunue pikipiki jioni, wala usinunue ikiwa imejaa tope. Kwa mvua zetu za Rungwe tope ni jambo la kawaida, lakini siku ya kununua omba ioshwe kwanza. Unataka kusoma mambo matatu na kuyalinganisha na kadi:

Kwanza, namba ya usajili, ile ya MC, kwenye kibao.

Pili, namba ya chesisi. Kwenye pikipiki nyingi imegongwa kwenye shingo ya fremu, pale usukani unapozungukia. Pitisha kidole. Kama imekwanguliwa, imechomelewa au herufi hazikai sawa, achana nayo.

Tatu, namba ya injini, iliyogongwa kwenye injini yenyewe. Injini ikiwa imebadilishwa, namba haitalingana na kadi. Hiyo haina maana kwamba ni ya wizi, lakini muuzaji aeleze na aonyeshe karatasi ya injini aliyonunua, na mabadiliko hayo yafikishwe TRA.

Baada ya hapo angalia jina kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza. Kama siyo mtu mmoja, simama hapo hapo. "Kadi ni ya shemeji yangu yuko Mbeya" siyo jibu. Shemeji aje mwenyewe, au alete hati ya uwakilishi iliyothibitishwa na wakili. Sheria yetu ya uuzaji wa bidhaa, Sura ya 214, ina kanuni ambayo hata wazee wetu waliijua bila kuisoma: mtu hawezi kukuuzia kile ambacho siyo chake. Ukinunua mali ya wizi hata kwa nia njema, mwenyewe akijitokeza unaweza kubaki huna pikipiki na huna fedha.

Kagua pia madeni ya faini. Jeshi la Polisi lina mfumo wa kuangalia faini za barabarani kwa kuandika namba ya usajili, unapatikana kwa simu yenye intaneti kwenye tms.tpf.go.tz. Kumbuka kwamba kwenye bajeti ya mwaka 2021/22 serikali ilishusha faini ya pikipiki na bajaji kutoka shilingi 30,000 hadi shilingi 10,000 kwa kosa moja. Kidogo, lakini makosa kumi ni shilingi 100,000. Elewaneni nani analipa kabla ya kusaini.

Mwisho, uliza kama kadi imewekwa dhamana. Mtu akikopa, mara nyingi mkopeshaji hukaa na kadi halisi. Muuzaji akikuonyesha nakala tu na kusema halisi iko nyumbani, mwambie mwende nyumbani. Ukiwa na shaka yoyote, nenda na namba hiyo ofisi ya TRA Tukuyu uulize kabla, siyo baada.

Mkataba wa mauziano

Karatasi ya daftari yenye sahihi za watu wazima waliokubaliana kwa hiari siyo takataka. Ni ushahidi, na Mahakama ya Mwanzo inaweza kuuangalia. Kadhalika mkataba ulioandikwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au mtendaji wa kijiji ni ushahidi mzuri hapa nyumbani. Lakini kwa ajili ya kuhamisha umiliki TRA, andaeni mkataba uliothibitishwa na wakili. Muulizeni bei ya kazi yake kabla hajaanza kuandika.

Mkataba uwe na mambo haya:

– Majina kamili ya muuzaji na mnunuzi kama yalivyo kwenye kitambulisho cha NIDA, makazi yao hadi kijiji na kitongoji, na namba za simu.
– Namba ya usajili, aina ya pikipiki, rangi, namba ya chesisi na namba ya injini.
– Bei kwa tarakimu na kwa maneno, namna ilivyolipwa, na kama kuna salio litalipwa lini.
– Tarehe na saa ya kukabidhiana. Saa ina maana yake. Ajali ikitokea saa kumi jioni siku hiyo hiyo, ijulikane pikipiki ilikuwa mikononi mwa nani.
– Nani analipa gharama za kuhamisha umiliki, na zoezi hilo liwe limekamilika tarehe gani.
– Sahihi au dole gumba la pande zote na la mashahidi wawili, mmoja kila upande.

Kila mmoja abaki na nakala. Ipige picha kwa simu na umtumie mtoto wako au ndugu unayemwamini. Karatasi huliwa na panya, picha inabaki.

Tunaongeza mambo mawili ambayo watu huyapuuza. La kwanza ni bei. Wapo wanaoandika bei ndogo kwenye mkataba ili walipe ushuru mdogo. Siku ikitokea ugomvi, mahakama itasoma kilichoandikwa. Ukitoa shilingi 1,800,000 na mkataba ukasema 900,000, umejiandikia hasara mwenyewe.

La pili ni mwenza. Pikipiki iliyonunuliwa na mume na mke kwa fedha ya maparachichi yao ni vyema wote wawili wasaini, hata kama kadi ina jina moja. Tumewahi kupokea simu za ugomvi wa namna hiyo, na mnunuzi ndiye aliyesumbuka katikati.

Kuhamisha umiliki, hatua kwa hatua

Hatua ya kwanza ni TIN, yaani namba ya utambulisho wa mlipakodi. Muuzaji awe nayo na mnunuzi awe nayo. Inatolewa bure na inaombwa kwa kutumia namba ya NIDA. Wazee wengi wanaogopa kwamba ukichukua TIN umeingia kwenye kodi. Siyo hivyo. Ipo TIN isiyo ya biashara kwa ajili ya mambo kama leseni ya udereva na usajili wa chombo, na kuwa nayo tu hakukufanyi uanze kudaiwa kodi ya biashara.

Hatua ya pili, kusanyeni nyaraka: kadi halisi ya pikipiki, mkataba wa mauziano, vitambulisho vya wote wawili na nakala zake, pamoja na TIN zenu. Bebeni na picha ndogo za pasipoti ili msirudishwe kwa ajili yake.

Hatua ya tatu, ombi linaingizwa kwenye mfumo wa TRA wa mtandao. Mwenye uzoefu anaweza kuanzia nyumbani. Asiye na simu kubwa asiwe na wasiwasi, aende ofisini ataelekezwa. Kama ni lazima usaidiwe na mtu wa steshenari, simama naye mpaka mwisho, na usimwachie nywila yako. Ukimwachia nywila, umemwachia ufunguo.

Hatua ya nne, pikipiki inaweza kuhitajika ikaguliwe, ili namba zake zilinganishwe na kumbukumbu. Kwa hiyo nendeni nayo, na iwe safi. Kutoka Ikuti mpaka Tukuyu na kurudi kwa ajili ya kuosha namba ya chesisi ni kupoteza siku.

Hatua ya tano, mtapewa kumbukumbu namba ya malipo, ile tunayoiita kontroo namba. Mnalipa benki au kwa simu. Hakuna malipo ya serikali yanayopokelewa mkononi bila namba hiyo.

Hatua ya sita, kadi mpya inatoka kwa jina la mnunuzi. Muuzaji, usiondoke kwenye jambo hili mpaka umeiona kadi hiyo kwa macho na kuipiga picha. Picha hiyo ndiyo itakayokutetea kama ingekuwa wewe ndiye yule mzee wetu.

Ushauri wetu ni mmoja: nendeni pamoja. Muuzaji na mnunuzi wapande pikipiki moja asubuhi, waanze kwa wakili, wamalizie TRA. Ukisema "nitakuja wiki ijayo," shughuli za shamba zitaingia kati, kisha msiba, kisha mvua, na mwaka unakwisha.

Gharama zikoje?

Kuna ada ya kuhamisha umiliki, ada ya kadi mpya, na ushuru wa stempu ambao ni asilimia 1 ya thamani ya chombo. Kwa pikipiki ya shilingi 1,800,000 ushuru huo ni shilingi 18,000. Ada za serikali hubadilika bungeni, na mabadiliko huanza kutumika Julai mosi. Kwa hiyo uliza kiwango cha siku hiyo kabla hujafunga safari. TRA wana namba za kupiga bure: 0800 780 078 na 0800 750 075. Juu ya hapo weka fedha ya wakili, nakala na mafuta.

Wasikilizaji kadhaa waliuliza kuhusu ada ya leseni ya gari ya kila mwaka, ile ya stika ya barabara. Ilifutwa kuanzia mwaka wa fedha 2017/18, na badala yake serikali iliongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Kwa hiyo mtu akikudai ada hiyo ya mwaka huu, muulize anaitoa wapi.

Bima, LATRA na rangi ya kibao

Kila chombo cha moto kinachotumika barabarani kinatakiwa kuwa na bima, angalau ile inayoitwa bima ndogo. Hiyo inamlipa mtu mwingine uliyemgonga au uliyemharibia mali. Haikutengenezei pikipiki yako na haikulipi ikiibiwa. Kwa hayo unahitaji bima kubwa. Kuhakiki kama bima ya pikipiki ni ya kweli, mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, unaoitwa TIRA-MIS, unakubali namba ya usajili na kukuonyesha.

Bima haimfuati mnunuzi yenyewe kama mkia. Iliandikwa kwa jina la muuzaji. Siku ya kununua, ijulishe kampuni ya bima au ukate mpya kwa jina lako. Usiendeshe hata siku moja kwa kutegemea bima ya mtu ambaye hahusiki tena na chombo.

Kama pikipiki ni ya biashara, inahitaji leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka iliyoanzishwa mwaka 2019 kuchukua kazi za usafiri wa nchi kavu zilizokuwa chini ya SUMATRA. Na angalia kibao: cha njano ni cha matumizi binafsi, cheupe ni cha biashara. Ukinunua pikipiki ya mwalimu yenye kibao cha njano ukaipeleka kijiweni kubeba abiria, unahitaji kubadilisha matumizi. Malizia jambo hilo siku ile ile unapohamisha umiliki.

Pikipiki ya mkataba: vijana, hapa ndipo penu

Vijiweni pikipiki nyingi siyo za wanaoziendesha. Tajiri ananunua pikipiki, kijana anaendesha na kupeleka hesabu, na baada ya muda waliokubaliana pikipiki inakuwa ya kijana. Ni utaratibu mzuri, umewainua wengi. Ubaya wake ni kwamba mara nyingi unategemea maneno ya mdomo.

Tupige hesabu. Tuseme hesabu ni shilingi 8,000 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni shilingi 208,000 kwa mwezi. Kwa miezi 14 ni shilingi 2,912,000. Kijana ametoa karibu milioni tatu, amenyeshewa, amebeba magunia ya viazi kwenye utelezi, na mwishoni anaambiwa "bado ulikosa siku ishirini." Nani anahesabu? Kila mtu na kichwa chake.

Ndiyo maana tunasema andikeni tangu siku ya kwanza: jumla ya fedha itakayolipwa, siyo miezi peke yake. Ukiandika jumla, siku za msiba, ugonjwa na matengenezo hazina ugomvi, kwa sababu kijana anamaliza anapofika kwenye jumla hiyo. Andikeni nani analipa bima, leseni, matairi na faini. Andikeni itakuwaje ikiibiwa au ikipata ajali katikati ya mkataba. Andikeni kwamba siku fedha zinapotimia, tajiri atakwenda kuhamisha umiliki ndani ya siku kadhaa mnazozitaja.

Hesabu ipelekwe kwa simu ikiwezekana, kwa sababu ujumbe wa muamala ni risiti. Kama ni taslimu, liwepo daftari ambalo wote wawili wanasaini kila wiki. Na wewe tajiri, utaratibu huu unakulinda hata wewe. Kijana akipata ajali na kadi ina jina lako, nyaraka hizo ndizo zitakazoeleza uhusiano wenu.

Ikitokea tajiri amegoma baada ya kulipwa, polisi wanaweza kukuambia kuwa hilo ni suala la madai. Hawakufukuzi. Wanakuelekeza mahakamani. Anza kwa mwenyekiti au mtendaji, mkishindwana nenda Mahakama ya Mwanzo na mkataba wako, daftari lako na ujumbe wako wa miamala. Madai ya mkataba yana ukomo wa miaka sita, lakini usisubiri. Mashahidi huhama na kumbukumbu hupotea.

Mwenye kadi akifariki

Hili lilikuwa swali la mama mmoja ambaye mumewe aliacha pikipiki, na shemeji akataka kuiuza wiki ya pili baada ya mazishi. Jibu ni kwamba mke peke yake hawezi kuiuza, na shemeji hawezi pia. Mali ya marehemu inauzwa au kugawiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama.

Familia inakaa kikao na kuandika muhtasari, inapata cheti cha kifo kinachotolewa chini ya RITA, kisha inafungua shauri la mirathi Mahakama ya Mwanzo. Msimamizi akishateuliwa, barua yake ya uteuzi ndiyo inayompa nguvu ya kusaini mkataba na kwenda TRA. Mnunuzi, ukiuziwa pikipiki ya marehemu, dai kuiona barua hiyo. Bila hiyo unanunua kesi.

Na kwa kijana wa pikipiki ya mkataba ambaye tajiri wake amefariki kabla ya kuhamisha umiliki: mfuate msimamizi wa mirathi mapema na nyaraka zako, kabla mali haijagawanywa. Mkataba haufi pamoja na mtu, ila lazima uonekane.

Kadi imepotea, au majina hayalingani

Kadi ikipotea, mwenye jina lake aripoti polisi na kupata ripoti ya upotevu, kisha aombe kadi nyingine TRA. Ni mwenye jina, siyo anayeiendesha. Hapo utaona tena kwa nini kuhamisha umiliki mapema kuna faida.

Majina nayo ni tatizo letu. Majina yetu ya Mwa- ni marefu, na karani akikosea herufi moja, kadi inasema hivi na NIDA inasema vile. Rekebisha kabla ya kuuza. Kwa makosa ya aina hiyo, wakili anaweza kukuandikia hati ya kiapo kwamba majina yote mawili ni ya mtu mmoja. Na unaponunua pikipiki mpya dukani, dai risiti ya mashine, kisha soma jina kwenye kadi herufi kwa herufi kabla hujaondoka, na uhakikishe limeandikwa jina lako, siyo la mwenye duka.

Niliuza zamani bila kuhamisha. Nifanye nini?

Usikae kimya ukiomba Mungu. Tafuta mkataba. Kama ulipotea, tafuta mashahidi waliokuwepo muandike upya maelezo yao mbele ya wakili. Mtafute mnunuzi, mwambie mmalize, hata kama utachangia gharama. Kama pikipiki imeuzwa tena kwa mtu wa tatu, fuatilia mnyororo huo hadi aliye nayo sasa. Ukishindwa kumpata, iandikie ofisi ya TRA ukieleza uliuza lini na kwa nani, na upeleke maelezo hayo polisi. Barua hiyo haihamishi umiliki, lakini inaonyesha kwamba ulitoa taarifa kabla tatizo halijatokea.

Na jihadhari na vishoka, wale wanaokaa nje ya ofisi na kusema wana mtu wao ndani. Ukiombwa rushwa, namba ya TAKUKURU ni 113, kupiga ni bure.

Mzee wetu amefikia wapi?

Tulimpigia tena kabla ya kuandika makala hii. Jirani aliyeshuhudia mauziano alikubali kwenda kutoa maelezo kituoni, na karatasi ya daftari ilipatikana ndani ya Biblia ya mkewe. Bado anaitwa mara kwa mara, na bado mnunuzi hajapatikana. Lakini sasa ana cha kuonyesha. Alituomba tuwaambie wengine jambo moja tu: nauli ya kwenda Tukuyu siku ile ingekuwa nafuu kuliko nauli zote alizolipa tangu hapo.

Kama una pikipiki uani ambayo kadi yake haina jina lako, au kuna pikipiki inazunguka huko nje ambayo kadi yake bado ina jina lako, panga siku ya wiki hii. Mpigie mwenzako leo jioni. Na ukiwa na swali ambalo hatukuligusa, tutumie ujumbe, tutalijibu hewani.